Injini Isiyo Yake

Mthamini aliingiza tena kioo chake kidogo chenye mpini mrefu chini ya kabureta, akasoma namba kwa sauti kwa mara ya tatu. Haikuwa imebadilika.

"Si ya gari hili," alisema. "Hata mkinipa siku nzima, injini hii haitakuwa yake."

Tochi alikuwa ameinama upande wa pili wa gari, kichwa chini ya boneti, akimulika kona ambayo hakuna mtu aliyeshughulika nayo. Jina hilo mama huyu alipewa zamani, alipokuwa akichunguza ajali kwa ajili ya kampuni ya bima. Alipoacha kazi na kufungua ofisi yake ya upelelezi, jina lilimfuata, na tochi pia, ileile ya plastiki iliyozungushiwa raba.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, amekunja mikono. "Mtaisoma hiyo namba mara ngapi? Shemeji yangu ameiba injini ya mume wangu. Polisi wameshamshika. Wewe umetumwa na wifi yangu uje kumtetea mdogo wake, basi tetea haraka, nina kazi."

"Nimetumwa kuangalia. Kutetea ni kazi ya wakili, na wakili hawajampata."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa baya. Mdogo wa marehemu, fundi aliyelitunza gari hili tangu likiwa halijaitwa la zamani, alikuwa mahabusu tangu juzi. Gari la kupeleka watuhumiwa mahakamani lingeondoka kituoni saa nane mchana. Karatasi zote zilikuwa tayari isipokuwa saini moja, ya mjane, chini ya maelezo yake. Akisaini, fundi anapanda, na akishapanda hakuna dhamana, kwa sababu thamani ya mali inayosemekana kuibwa imezidi kiwango cha sheria. Na aliyeitaja thamani hiyo alikuwa huyu bwana mwenye kioo.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Tochi alimwambia. "Gari linawaka?"

"Linawaka."

"Linatembea?"

"Kuliko langu."

"Sasa injini inayofanya kazi inakataje bei mpaka chini ya nusu?"

Mthamini alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mnunuzi wangu hanunui usafiri, usafiri anao. Gari hili lilitoka kiwandani na namba mbili, ya bodi na ya injini, zote zimegongwa kwenye kibati kile pale. Anayekusanya magari ya zamani ananunua ule uhakika kwamba vitu viwili hivi vilizaliwa siku moja na havijaachana. Vikiachana, ana bodi nzuri na injini ya watu. Kwa dereva wa kawaida si neno, pengine ni nafuu. Kwake yeye ni gari jingine kabisa."

"Na ile ya mwanzo ikipatikana, hata kama ni mbovu?"

"Hata ikija imekaa juu ya mbao, haiwaki, bei inarudi karibu yote. Ndiyo maana niliwaandikia polisi kwamba aliyeiondoa ameondoa zaidi ya nusu ya gari."

"Umeletwa hapa na mnunuzi."

"Ndiyo."

"Na bei ikishuka, anayefurahi ni mnunuzi."

Mthamini hakukasirika. Alimpa kile kioo. "Isome mwenyewe."

Tochi aliisoma. Kisha akakisoma kibati, tarakimu moja moja, akirudia kwa sauti. Zilipishana kuanzia mwanzo. Alikwaruza kwa ukucha pembeni ya namba ya injini. Grisi ilitoka ngumu kama nta, imekaa miaka. Hakuna mtu aliyeigusa wiki hii wala mwezi huu. Mthamini alikuwa anasema kweli, na hilo halikumsaidia mtu yeyote.

Akarudi kwenye ile kona yake. Pale injini inapokalia, vyuma viwili vilikuwa vimechomelewa ili kupokea injini pana kidogo kuliko ya awali. Kazi safi ya fundi anayejiheshimu. Lakini kilichomshika macho ni rangi. Rangi ya maziwa ya gari zima ilikuwa imepita juu ya ule mchomeleo, ikaufunika, ikajaa kwenye mabonde yake.

"Mama," aliita bila kuinua kichwa, "gari hili lilipigwa rangi lini?"

"Mara moja tu. Mwanangu wa mwisho alikuwa hajaanza shule. Alishika mlango ukiwa mbichi, alama ya kiganja iko hapo mpaka leo."

"Mwanao wa mwisho yuko wapi sasa?"

"Chuo. Karo yake ndiyo hiyo mnayoichezea hapo na vioo."

Tochi alijinyoosha, akaukandakanda mgongo. "Umewaambia polisi kwamba shemeji yako alibadilisha injini mumeo akiwa kitandani, hajiwezi. Mwaka jana."

"Ndivyo."

"Injini hii iliingia kabla ya rangi. Rangi iko juu ya mchomeleo. Wakati huo mumeo alikuwa mzima, analiendesha kila siku. Hakuibiwa. Alikuwa anajua."

Mjane alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mume wangu hakuwa ananificha kitu."

"Wanaume wanaficha hata viatu vipya."

"Basi nikubali. Alijua. Haya, ile ya kwanza iko wapi? Unamfahamu marehemu? Alikuwa anatunza mpaka misumari iliyopinda. Angeitupa injini ya gari hili? Aliitunza, na aliyejua ilipotunzwa ni mdogo wake peke yake. Na si maneno yangu. Jirani alimwona mwaka jana, mchana kweupe, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, amepiga magoti kwenye rundo la vipande vya injini. Kamwulize alikuwa anaswali?"

Mthamini aliangalia pembeni. Tochi aliandika neno moja moyoni: uwanja.

"Mumeo alikuwa anaweka wapi hiyo misumari?"

"Stoo. Hakuna stoo tena."

* * *

Stoo ilikuwa chumba cha chini nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka gereji. Sasa kilikuwa na kitanda cha mtu mmoja kilichotandikwa, stuli, beseni, na dirisha lenye pazia la maua ya bluu. Hakuna kitu kingine. Hata harufu ilikuwa ya sabuni tu.

"Aliugulia humu," mjane alisema. Sauti yake ilishuka kidogo. "Vyumba vyetu viko juu. Ngazi zilimshinda. Siku walipompeleka kulazwa niliita watu, nikatoa takataka zote, nikapaka sakafu rangi, nikaleta kitanda. Aliporudi alikuta chumba. Bomba liko karibu, choo kiko karibu."

"Ulitoa nini?"

"Takataka, nimekwambia. Makopo, ringi zilizokatika, mabomba. Jenereta bovu alilopewa na mtu bure, halijawahi kuwaka hata siku moja, lakini ole wako uliguse."

Tochi alipiga magoti. Mjane alimtazama kana kwamba amefanya jambo la aibu mbele za watu. Mwanga wa tochi ulipita chini ya kitanda, sambamba na sakafu. Rangi ya sakafu ilikuwa ya kijivu, nzuri, lakini katikati, chini kabisa ya mahali pa kulala mtu, palikuwa na doa la mraba lenye pembe butu. Oili ilikuwa imenywewa na saruji miaka mingi, sasa ilikuwa inapanda taratibu kupitia rangi. Pande mbili za doa palikuwa na mistari iliyonyooka, kama ya mbao nzito zilizokaa mahali pamoja. Akainua tochi. Juu ya doa, kwenye boriti, palikuwa na kulabu nene, imepakwa rangi nyeupe pamoja na dari.

Kulabu ya namna ile haifungwi kwa ajili ya makopo.

"Jenereta lilikuwa limekaa wapi?"

"Hapohapo lilipo kitanda. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alisimama. Alilishika pazia, akaupindua upindo wake kwa vidole viwili. Maua ya bluu, lakini upindo ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Uzi wa bluu uliniishia," mjane alisema, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. "Yalikuwa mawili, ya sebuleni. Hilo moja ndilo limebaki."

Tochi aliliachia pazia. Hakuuliza lile jingine liko wapi.

* * *

Mteja wake alikuwa akimsubiri nje ya geti, ndani ya pikapu yake, injini ikiunguruma. Dada wa marehemu na wa fundi, aliyezaliwa kati yao. Hakuwa ameingia ndani. Tangu juzi yeye na wifi yake hawakuwa wanasalimiana.

"Umepata nini?"

"Nipeleke kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Ule alioonekana ndugu yako."

"Kwa hiyo ni kweli alikuwa huko." Mteja yule aliingiza gia kwa nguvu kama anampiga mtu kofi. "Nimemwuliza mara kumi. Anasema hana la kusema. Mtu anapelekwa jela na anasema hana la kusema. Huyu ndiye alikuwa anaongea mpaka baba anamfukuza mezani."

"Wifi yako ni mtu wa namna gani?"

"Mimi leo ndio wa kuulizwa hilo?"

"Wewe ndiye unayemjua."

Dada wa fundi alikwepa shimo barabarani. "Mkali. Msafi. Hapendi kitu kisicho na kazi ndani ya nyumba. Kaka alikuwa anasema akikaa kimya muda mrefu anaogopa asije akatolewa nje na takataka." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini kaka alivyougua, wifi alimwogesha kwa mikono yake mpaka mwisho. Hilo siwezi kumnyima. Ndugu mmoja nimeshamzika, mama. Huyu mwingine nisaidie asizikwe mzima."

Uwanja ulikuwa mwisho wa barabara yenye mashimo, umezungushiwa mabati. Mwenye uwanja aliitwa Mizani na kila mtu, kwa sababu ya mizani kubwa ya chuma iliyosimama mlangoni na ambayo hakuruhusu mtu mwingine kuisoma. Alikuwa mtu mpana, mwenye adabu. Alimpa Tochi kiti kilichokuwa zamani cha basi.

"Nauliza habari ya injini moja ya gari la zamani," Tochi alisema. "Mwaka jana."

"Mama, humu zinapita injini kama mvua."

"Hii ililetwa kama jenereta."

Mizani aliacha kutabasamu. "Ah. Ile."

"Unaikumbuka."

"Haikuletwa, niliifuata. Mama mmoja alinipigia simu, ana haraka, anataka chumba kiwe wazi kabla mgonjwa hajarudi. Vijana wangu wanne waliinua. Nikamwambia, mama, hili si jenereta. Akaniambia, mimi nimeishi nalo miaka yote hii, wewe umeliona leo, unanifundisha? Nikanyamaza. Mteja akisema ni jenereta, ni jenereta. Nalipa kwa uzito, silipi kwa jina."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali kidogo. Lakini alitupatia maji ya kunywa sote, kwenye glasi, siyo kopo." Akawaza. "Hakuhesabu hata zile hela. Alikuwa na ndoo ya rangi mkononi."

Tochi aliangalia kibanda kilichokuwa nyuma ya mizani. Mlango wake haukuwa na ubao. Palining'inia kitambaa kizito, kimekula mafuta, kimechanika upande mmoja. Maua yake yalikuwa ya bluu. Hakuhitaji kukaribia kuona uzi wa upindo, lakini alikaribia, akaumulika. Mwekundu.

"Hili lilikuja nalo?"

"Injini ilikuwa imefungwa nalo. Grisi kote, kama maiti iliyopakwa mafuta. Aliyeifunga alikuwa anaipenda."

"Mama huyo aliliona pazia hili?"

"Aliliona. Alisema hilo ni la zamani, chukueni na lenyewe."

"Halafu akaja mwanamume."

"Kesho yake. Anakimbia. Ananiambia, iko wapi, iko wapi, nitakulipa mara tatu. Nikamwonyesha rundo. Tanuru haipokei bloku nzima ya injini, mama. Tunapasua kwa nyundo siku hiyohiyo, lori likija linakuta tayari. Basi akakaa chini. Mtu mzima, akakaa chini kwenye vyuma. Akaanza kuchambua kipande kimoja kimoja kama anayechambua mchele. Akapata alichokitaka, kiasi cha kiganja hivi. Akaniomba akate ncha ya pazia akifunge. Nikamwambia chukua bure."

"Polisi walikuja kukuuliza haya?"

"Hawakuja. Wangekuja ningewaambia hivyohivyo. Mimi sina siri, mama, vitu vyangu vyote viko nje."

Tochi alirudi kwenye pikapu akitembea polepole kuliko alivyokuja. Mteja wake alimsoma usoni.

"Umemwokoa?"

"Ndiyo."

"Mbona huna furaha?"

Tochi alifunga mkanda. "Endesha."

* * *

Kituoni, fundi aliletwa kwenye wavu akishikilia suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda walimnyang'anya. Alikuwa na sura ya marehemu kwenye picha aliyoonyeshwa na mteja wake, ila nyembamba zaidi. Dada yake aliachwa nje, maana aliruhusiwa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

"Natoka kwa Mizani," Tochi alisema.

Fundi alikaa kwenye benchi. "Basi unajua. Rudi nyumbani, mama. Umefanya kazi yako."

"Kazi yangu ni kukutoa humu."

"Sitaki kutolewa kwa njia hiyo."

"Ipo nyingine?"

Mlango wa ua ulikuwa wazi na nje mtu alikuwa anajaza maji kwenye rejeta ya gari la mahabusu.

"Niliibadilisha mimi," fundi alisema hatimaye. "Ya mwanzo ilichemka, kichwa cha injini kikapinda, vipuri havipatikani tena popote. Kaka anahitaji gari la kwenda kazini. Tukaweka nyingine, ile ya kwanza tukaipaka grisi, tukaifunga, tukaining'iniza kwenye kulabu tukaishusha stoo, tukisubiri vipuri. Shemeji alikuwa mkali wa matumizi. Kaka akaona akimwambia bei ya injini hatalala ndani. Akamwambia hili ni jenereta bovu, nimepewa bure. Tulicheka siku hiyo mpaka tukakaa chini. Tulicheka kweli."

"Hakumwambia tena?"

"Ungemwambia lini? Mwaka wa kwanza unaogopa, wa pili unasahau. Ikabaki jenereta."

"Na siku alipotoka hospitali?"

"Mimi ndiye nilimleta, nimemshika mkono. Shemeji akatufungulia mlango wa stoo. Kitanda, shuka safi, dirisha limefunguliwa. Amefurahi kama mtoto, ana rangi mpaka kwenye nywele. Kaka akaangalia sakafu. Akaniangalia mimi. Shemeji alipotoka kuchemsha maji, kaka akaninong'oneza, kimbia ukaangalie kama ipo. Nikakimbia." Alijipangusa uso kwa bega. "Nilimletea kile kipande chenye namba. Akakishika, akanirudishia. Akasema, asijue. Akijua ataanza kujilaumu na hatamaliza. Akaniapisha. Baada ya miezi michache akafa."

"Ulimwahidi kwamba utafungwa pia?"

"Mimi nina mikono, mama. Nitafungwa, nitatoka, nitafanya kazi. Shemeji akijua, anatokea mlango gani?"

"Ana haki ya kujua anamfunga nani."

"Sema kaka aliiuza mwenyewe."

"Mizani ataitwa, ataulizwa nani alimwuzia. Yule hawezi kudanganya, vitu vyake vyote viko nje."

"Basi mwambie mnunuzi achukue gari kwa bei ndogo, mimi nitamfanyia kazi bure nimlipe shemeji pengo."

"Si mnunuzi anayekufunga. Ni thamani. Wameshaiandika."

Fundi aliushika wavu kwa vidole. Vilikuwa vimekatika kucha, vyeusi kwenye mikunjo. Aliongea polepole sana. "Nakuomba, mama. Nakuomba kama mama yangu. Tafuta njia nyingine."

"Kile kipande kiko wapi?"

"Walinikuta nacho mfukoni. Kiko huko mbele na mkanda wangu. Hawajui ni nini, wanadhani nilitaka kumpiga nacho mtu."

Askari aligonga mlango. Muda ulikuwa umekwisha.

* * *

Mjane alikuwa ameshafika. Alisimama kaunta na mkoba wake mweusi, mgongo umenyooka, na karatasi ya maelezo ilikuwa mbele yake. Mwisho mwingine wa kaunta alisimama wifi yake. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupita ng'ombe.

Tochi alijaribu. "Mama, tuzungumze nje kidogo kabla hujasaini."

"Umeipata injini?"

"Tuzungumze nje."

"Umeipata au hujaipata?"

"Haipo tena. Ilivunjwa."

"Aliivunja." Mjane alifungua kalamu. "Nilijua. Nimekaa na mtu huyu meza moja miaka yote, amekula kwangu, amebeba jeneza la mume wangu. Nje kuna nini tena cha kuzungumza?"

"Twende ukamwone mtu mmoja kwanza. Si mbali."

"Dereva hasubiri mtu," mkuu wa zamu alisema. Alikuwa mwanamume mwenye miwani ya kusomea, amechoka. Alimwaga mfuko wa karatasi juu ya kaunta, kama utaratibu ulivyo mtuhumiwa anapohamishwa, akawa anaita kitu kimoja kimoja ili askari wa gari apokee. "Mkanda mmoja. Simu moja, kioo kimepasuka. Funguo, fungu moja. Na hiki hapa, kitu kizito, kimefungwa kitambaa."

Tochi aliweka kiganja juu yake kabla hajajua anafanya nini.

Kilikuwa cha baridi hata kupitia kitambaa. Ncha moja ya ua la bluu ilichungulia kati ya vidole vyake. Alivibana.

"Mama," mkuu wa zamu alisema, "ondoa mkono."

Nyuma yake mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Fundi alitolewa, pingu mikononi, suruali ikimteleza. Aliona kaunta, akaona mkono wa Tochi ulipo. Akatikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayemkataza mtoto mbele ya wageni.

Dada yake alisema, "Mama Tochi, nakuomba," na hakujua anaomba nini.

Nje gari liliwashwa. Mjane aliinama kwenye karatasi, akatafuta mahali pa kusaini.

Tochi aliondoa mkono.

Mkuu wa zamu alikivuta kile kitu upande wake, kitambaa kikakwaruza mbao. Mjane aliinua macho kwa ajili ya ile sauti. Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi, ikaacha nukta. Alitazama kitambaa. Akanyoosha mkono, akashika upindo, akaupindua kwa vidole viwili kama vile Tochi alivyofanya asubuhi.

"Hili ni pazia langu," alisema.

Akalivuta kwake.

"Hili lilikuwa limefunika jenereta."

Alikifungua mwenyewe. Ndani palikuwa na kipande cha chuma kilichopasuka vibaya, upande mmoja laini. Akaufuta upande huo kwa kidole gumba, na grisi ikatoka, na namba zikajitokeza. Alikuwa amesikia namba ya kibati ikisomwa kwa sauti asubuhi. Midomo yake ilizifuata moja moja mpaka ya mwisho, kisha ikarudia tangu mwanzo.

"Jenereta halina namba ya gari," alisema.

"Halina," Tochi alisema.

Mjane aligeuka. "Shemeji."

Fundi aliangalia sakafu.

"Shemeji, nakuuliza. Marehemu alijua?"

"Shemeji, yamepita."

"Alijua?"

"Siku ileile."

Mjane aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu. "Nilipomfungulia mlango aliangalia chini. Nilidhani ni kizunguzungu, nikamshika. Nikamwuliza, vipi, hupapendi? Akaniambia pamekuwa pazuri. Pana hewa." Akakigeuza kile chuma. "Nikamlaza hapohapo. Miezi yote ile nikamlaza hapohapo ilipokuwa."

Wifi yake alikuwa ameshaimaliza ile nafasi iliyokuwa kati yao. Alisimama karibu naye, mikono haijui ishike wapi.

Mkuu wa zamu alivua miwani. "Mama, gari linasubiri. Unasaini au husaini?"

Mjane alisukuma karatasi mbali. Kalamu ilidondoka upande wa pili wa kaunta na hakuna aliyeiokota.

"Mfungueni," alisema.

Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anakifunga kile chuma tena ndani ya kitambaa, kona juu ya kona, kama kilivyokuwa kimefungwa, na kila alipokiachia kilifunguka.